Unyayo wa Baba na Ukuta wa Mwanyumba

Kuna nchi moja iko kando ya bahari. Jina lake nalijua, ila daktari wangu amenikataza kulitaja, kwani wengi waliolitaja wameugua ghafla. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani nyingi mno, amani inayolindwa kwa bunduki usiku na mchana isije ikatoroka, na kwamba kila mwaka, upepo wa kaskazi unapokaribia kwisha, watu wake husherehekea sikukuu ambayo sijaisikia kwingine. Inaitwa Sikukuu ya Unyayo.

Siku hiyo Baba wa Taifa huvua viatu. Viatu hupokelewa na Waziri wa Ulinzi, soksi hupokelewa na Jaji Mkuu. Kisha Baba hushuka katika ufuo aliouchagua, huinua mguu wa kulia, huukanyaga mchanga mara moja tu, na hurudi garini kupumzika. Unyayo ule huzungushiwa kamba nyekundu na kupigiwa mizinga. Jioni maji yakijaa yanaufuta. Hapo huundwa tume ya kuchunguza ni nani aliyeyaruhusu maji, na tume hiyo hufanya kazi kwa bidii katika hoteli nzuri mpaka sikukuu nyingine ifike, Baba akanyage tena.

Msicheke. Mkuu wa wilaya ambaye mchanga wake umekanyagwa hulala waziri. Sharti ni moja tu: ufuo uwe mpana na mweupe kuliko mingine yote, maana Baba hapendi mawe, na msafara wake unahitaji mahali pa kusimama. Ndiyo sababu katika nchi ile mchanga huzungumzwa bungeni kuliko mahindi, na wakuu wa wilaya za pwani huangaliana kama wake wenza wanaopikia jiko moja.

Katika wakuu hao walikuwapo wawili waliowashinda wote kwa kuangaliana. Au niseme kweli: mmoja ndiye aliyekuwa akiangalia, mwingine alikuwa akiangaliwa tu.

Aliyekuwa akiangalia ni huyu wetu, Mheshimiwa Lugome Mkwizu, Mkuu wa Wilaya ya Kusini. Aliyekuwa akiangaliwa ni Haidari Shekuwe, Mkuu wa Wilaya ya Kaskazini. Wilaya zao zinagawana ufuo mmoja mrefu, na mpaka ni nguzo ya saruji iliyosimikwa mchangani. Kana kwamba hilo halitoshi, wawili hawa ni wanyumba, yaani wameoa ndugu: Lugome kamwoa Zamda, Haidari kamwoa Siwema, mdogo wake Zamda.

Lugome alizaliwa bara, kwenye milima ya baridi, na utumishi wake wote aliufanya huko akisimamia viazi. Bahari alikuwa ameiona mara moja tu, siku alipokwenda ukweni kwa mara ya kwanza, na hata siku hiyo akili yake haikuwa kwenye bahari. Ilikuwa kwenye firigisi. Yeye na Haidari walikuwa wamewekewa sinia moja la pilau, na kuku mzima juu yake. Kuku, kama mjuavyo, ana firigisi moja. Mama mkwe alikuja kwa adabu zake zote, akaichukua kwa vidole vyake mwenyewe, akaiweka upande wa Haidari. "Kula, baba," akasema. Lugome akatabasamu, akamaliza pilau, akashukuru. Tangu siku hiyo hajaona kitu mbele ya Haidari bila kukitambua kuwa ni chake, kimewekwa tu upande usio wake.

Na Haidari alikuwa na vitu. Alikuwa na kimo. Alikuwa na kicheko kinachowachekesha watu kabla hawajaambiwa kuna nini. Hata akikohoa, alikohoa vizuri, kama msoma taarifa ya habari. Lugome alipohamishiwa pwani na kuambiwa jirani yake atakuwa nani, alifurahi sana mbele ya aliyemwambia, kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akakaa.

*

Alifika mwishoni mwa kaskazi, siku chache baada ya sikukuu. Nafasi ilikuwa imepatikana kwa njia nzuri: mwaka huo Baba alikanyaga hapo hapo Kusini, na aliyekuwa mkuu wa wilaya akalala waziri. Lugome akaukuta ufuo wake mpana, mweupe, wa kutosha msafara na mizinga. Wa Haidari, upande wa pili wa nguzo, ulikuwa mwembamba, mawe yametokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Lugome alisimama penye nguzo, akaangalia huku, akaangalia kule. Siku hiyo alilala usingizi mzuri kuliko wote tangu aoe.

Kisha upepo wa kusi ukaanza.

Kwanza aliona ngazi za kushukia ufukweni, ambazo zilikuwa zikiishia mchangani, sasa zinaishia hewani. Kisha mizizi ya mivinje ikatokeza. Kisha jiwe moja likachomoza, likafuatwa na ndugu zake. Kila asubuhi Mheshimiwa alishuka na suti yake kuupima ufuo kwa macho, na kila asubuhi ulikuwa umepungua. Akigeuza shingo upande wa kaskazini, aliuona wa mwanyumba wake umenenepa. Ngazi za Haidari zilikuwa zinafukiwa! Kuona chako kinapungua ni huzuni, na binadamu huvumilia. Lakini kuona kinachopungua kwako kinaongezeka kwa yule yule, hilo lilimshinda. Wivu ulimshika tumbo, tumbo lenyewe hasa, mpaka hospitali ya wilaya ikampa dawa ya minyoo.

Akamwita mhandisi wa wilaya, Injinia Pendaeli. Huyu alikuwa amesomea mambo ya pwani ng'ambo miaka mingi, na aliporudi nyumbani akajifunza jambo moja zaidi, kwamba kila swali la mkubwa lina majibu mawili.

"Mchanga wangu unakwenda wapi?" Lugome akauliza.

"Mheshimiwa anataka jibu la kitaalamu au la kiutawala?"

"Anza na la kitaalamu."

Injinia akachuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti. "Wimbi la kusi haliji wima, Mheshimiwa. Linakuja mshazari, likitokea kusini. Likipanda ufukweni linabeba punje za mchanga na kuzipandisha mshazari vile vile. Likirudi, linashuka moja kwa moja kufuata mteremko, pamoja na punje zake. Kwa hiyo kila punje ikishapanda na kushuka, inajikuta imesogea kidogo kaskazini. Linakuja wimbi lingine, inasogea tena. Mchanga unatembea. Ufuo si kitu kilichowekwa, Mheshimiwa, ni kitu kinachopita. Na kaskazi ikianza, mawimbi yanageuka, basi mchanga nao…"

"Na la kiutawala?"

Injinia akasimama. Akajifuta mikono, kisha akaufuta na mchoro kwa kiatu. "Kiutawala, Mheshimiwa, unaibiwa."

"Ahaa," akasema Lugome, na tumbo likapoa papo hapo. "Ahaa! Wewe umesoma."

*

Hatua zikachukuliwa. Penye nguzo pakawekwa kizuizi, na kila aliyetoka Kusini kwenda Kaskazini akaamriwa kuosha miguu katika karai, kukung'uta nguo na kupindua viatu, ili asisafirishe mali ya wilaya. Mgambo walipewa mafunzo maalumu ya kupekua katikati ya vidole. Bibi harusi alioshwa, bwana harusi akaoshwa, na jeneza moja lilisimamishwa mpaka ilipothibitishwa kwamba aliyemo hakuwa amekanyaga chini siku hiyo. Maji ya karai, pamoja na mchanga uliookolewa, yalirudishwa ufukweni kwa gwaride.

Bi Zamda mwenyewe alikamatwa akienda kumjulia hali mdogo wake. Mgambo walimkagua wakiona haya, wakamwambia, "Samahani mama, huu wa kisigino unabaki." Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe anakunywa chai.

"Baba Tunu, umekuwaje wewe? Mie nimezaliwa hapa. Mchanga kusi unakwenda, kaskazi unarudi. Babu yangu aliukuta hivyo na akauacha hivyo."

"Nani kakwambia useme maneno hayo?"

"Nani aniambie? Sina macho?"

"Umetoka kwa Siwema. Na Siwema anaishi na nani?"

"Na mumewe! Ulitaka aishi na nani?"

"Basi," akasema Lugome, akaweka kikombe chini kama hakimu aliyepata ushahidi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Zamda akaingia ndani kuvaa upya viatu vyake. Siku zilizofuata alikwenda kwa mdogo wake kwa njia ya barabarani.

Miguu ilioshwa, na ufuo ukazidi kupungua. Injinia akaitwa tena. Safari hii aliulizwa mchanga huu mweupe ulitengenezwa na nani hapo mwanzo, ili aagizwe atengeneze mwingine. Mchanga mwekundu, Injinia akaeleza, hutoka bara: ni mawe ya milimani kwao Mheshimiwa, yaliyosagwa na mto njia nzima mpaka baharini. Huu mweupe ni makombe na matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Mengine yamevunjwa na mawimbi, na mengine, kwa kiasi kikubwa… Akasita.

"Sema."

"Ni pono, Mheshimiwa. Huyu samaki pono. Anatafuna matumbawe kwa meno yake, anakula kilichomo, na mawe yaliyosagika anayatoa. Kwa nyuma."

Mheshimiwa alikuwa akikumbuka hotuba zake zote juu ya mchanga huu mtukufu. Zaidi ya hotuba, alikuwa akikumbuka kwamba Jumapili iliyopita aliuinamia na kuubusu mbele ya wananchi.

"Jambo hili," akasema polepole, "wanalijua wangapi?"

"Pono wote, Mheshimiwa."

Kesho yake pono wa Wilaya ya Kusini wakatangazwa kuwa watumishi wa umma. Ikawa marufuku kuwavua, marufuku kuwakaanga, na marufuku kabisa kuwaacha wavuke mpaka kwenda kujisaidia Kaskazini. Ukafanywa mkutano wa hadhara kando ya maji, na pono wakahutubiwa kuhusu uzalendo na bidii ya kazi. Pono, kama ilivyo tabia yao, walikuwa wamelala. Haidari aliposikia habari hiyo alicheka mpaka wilaya yake nzima ikacheka, na ingawa kusi huvuma kwenda kwake, kicheko kiliupanda upepo kikamfikia Lugome sebuleni.

Ndipo Lugome alipotangaza ukuta.

*

Haidari alikuja mwenyewe Ijumaa moja, mkononi ana sahani ya kaimati kutoka kwa mkewe. Penye kizuizi hakuoshwa. Waliokuwa wakiingia Kusini walihimizwa waje na miguu yao kama ilivyo.

"Mwanyumba," akasema baada ya salamu, "nasikia utajenga ukuta pale penye nguzo, kutoka jabalini mpaka baharini."

"Unasikia mengi."

"Usijenge. Nakwambia kama ndugu. Mchanga wako uko kwangu, sikatai, lakini sikuuita na siwezi kuuzuia. Kaskazi ikianza utarudi wote kwako, na wangu juu yake. Na sikukuu iko mwisho wa kaskazi. Baba akija atakukuta wewe una ufuo mpana kuliko wote, mie nina mawe. Ndivyo inavyokuwa kila mwaka, ndiyo maana mie sijakanyagiwa hata siku moja na nimeshazoea. Mwenzako aliyekuwa hapa alikaa kitini tu, leo waziri."

"Yeye hakuwa mwanyumba wako."

Haidari akacheka, akidhani ni mzaha. "Keti, ndugu yangu. Subira yavuta heri."

Lugome akamtazama. Aliona kile kimo kimejaa kwenye kochi lake. Alisikia ile sauti. Akaiona firigisi, mbichi kabisa, kama vile sinia liko mbele yao. Mwizi gani, akajiuliza, humshauri mwenye nyumba asifunge mlango? Kama ukuta usingemdhuru, Haidari angenyamaza. Hakunyamaza, basi utamdhuru. Na kama utamdhuru, basi ni ukuta mzuri. Alijisikia mwepesi, mwenye akili, kama mtu aliyesoma kitabu kigumu na kukielewa.

"Ahsante kwa kaimati," akasema.

Haidari alipoondoka, kaimati zilimwagiwa kuku. Kuku wakazifurahia mno, na hilo nalo likamuudhi.

*

Katika nchi ile ukuta haujengwi kwa mawe kwanza, hujengwa kwa sherehe. Lugome aliweka jiwe la msingi. Mkuu wa Mkoa akanuna kwamba hakualikwa, basi jiwe likang'olewa, naye akaliweka. Waziri wa Fukwe akasikia, jiwe likang'olewa tena. Jiwe lile liliwekwa na kung'olewa mpaka likachakaa, ikabidi litafutwe jingine, na hilo jipya nalo likahitaji kuzinduliwa. Ikaundwa kamati ya jina la ukuta. Ikaundwa kamati nyingine ya kuamua upande gani ni mbele ya ukuta na upande gani ni nyuma, maana hakuna mkubwa aliyekubali kupigwa picha nyuma.

Muda wote huo bahari ilifanya kazi yake bila kamati. Wimbi lilipanda mshazari, likashuka wima, likapanda, likashuka. Kusi ilipokwisha na upepo kutulia, Wilaya ya Kusini ilikuwa imebaki na mawe matupu na sehemu za kujikwaa. Mchanga wote ulikuwa umelala mbele ya Haidari.

Hapo ndipo ukuta ulipokamilika. Ulikuwa mrefu, mnene, umepakwa chokaa, na juu yake kengele ya kuitia mgambo. Kwenye bango iliandikwa: HATA PUNJE MOJA HAIPITI. Lugome alipanda juu, akahutubia.

"Wananchi! Kwa muda mrefu bahari imefanya mambo yake bila kuwashirikisha viongozi! Kuanzia leo mchanga utajua una wenyewe! Wako watu," na hapo akaangalia kaskazini, "wako watu waliozoea kunenepa kwa jasho la wenzao. Nawaambia: mlango umefungwa!"

Makofi yalipokwisha, Injinia Pendaeli alimsogelea. "Kitaalamu, Mheshimiwa, tumefunga mlango mali yote ikiwa nje."

"Na kiutawala?"

"Kiutawala, ukuta umenyooka."

*

Kaskazi ikavuma. Mawimbi yakageuka, na mchanga, kama kila mwaka, ukaanza safari ya kurudi nyumbani. Ukatembea kusini punje kwa punje, ukafika penye ukuta, ukasoma bango, ukasimama. Ulikuwa mchanga mtiifu kuliko raia. Uliofuata nyuma ukasimama juu ya ule wa mbele, na wa nyuma yake vivyo hivyo, mpaka ufuo wa Haidari ukawa mpana kiasi ambacho hata wazee hawakukumbuka kukiona. Upande wa Lugome mawimbi yalifika mikono mitupu, yakachukua na kile kidogo kilichosalia katikati ya mawe.

Lugome alisimama juu ya ukuta wake. Kilichomuua hasa ni kwamba aliutambua. Kila punje kule chini ilikuwa yake, aliyoioshea watu miguu. Sasa ilikuwa imekaa upande wa Haidari, na aliyeiweka pale ni yeye, kwa mikono yake mwenyewe.

"Vunja," akamwambia Injinia.

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Umezinduliwa na Waziri. Ili uvunjwe lazima kwanza liwekwe jiwe la msingi la kuuvunja."

Basi Mheshimiwa akavua koti. Mchana kweupe, wananchi wakiangalia, akachukua lile karai la kuoshea miguu, akashuka upande wa kaskazini, akalijaza mchanga, akapanda nalo, akaumwaga upande wake. Wimbi likaja likauchukua. Akashuka tena. Alipokuwa akipanda nalo mara ya pili alimwona Haidari amesimama chini, uso umejaa huruma.

"Mwanyumba, utaumia mgongo. Chukua tu, chukua wote. Nikuitie watu wakusaidie?"

Matusi Lugome angeyavumilia. Hata kicheko angekivumilia. Lakini huruma ile, kwa sauti ile nzuri, ilimpata pabaya. Alilitupa karai baharini, akaenda nyumbani bila koti.

*

Baba akaja. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alishuka ufukweni kwa Haidari, viatu vikapokelewa, soksi zikapokelewa, na kwa kuwa jua lilikuwa kali alikwenda kukanyaga kwenye kivuli cha ukuta.

"Kazi ya nani hii?" akauliza, akiugonga kwa fimbo.

"Ya mwanyumba wangu, Mtukufu," Haidari akasema, na alisema kwa moyo safi. "Bila yeye hapa pangekuwa mawe."

Watu wakampigia Lugome makofi. Ilimbidi ainame.

Kisha wote wakangoja maji, kama desturi ilivyo. Wajumbe wa tume walikuwa wamekwisha kufunga mabegi ya kwendea hotelini. Yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita yote, na yalikuja na makelele, lakini ufuo ulikuwa mpana mno. Yakafika katikati, yakasita, yakarudi. Unyayo ukabaki. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea katika historia ya taifa, na mwenyekiti wa tume alilia waziwazi.

Baba akafikiri. Baba anapofikiri, hata mizinga hushushwa. "Unyayo huu umekataa kufutika," akasema. "Kwa hiyo umetosha. Sitakanyaga tena mahali pengine. Haidari atakuwa waziri maadamu unyayo huu upo. Na aliyejenga ukuta atakuwa Mlinzi Mkuu wa Unyayo, maisha yake yote. Ukifutika, naye atafutika."

Jioni mama mkwe alileta sinia kuwapongeza wakwe zake wawili. Haidari, waziri tayari, aliishika firigisi kabla mama mkwe hajaigusa, akaiweka upande wa Lugome. "Kula, mwanyumba. Leo ni yako." Miaka yote Lugome alikuwa akiiwaza. Akaitafuna. Ilikuwa ngumu kidogo, ina chumvi, firigisi kama firigisi nyingine. Alishindwa kuimeza, akaitema kwenye leso alipopata nafasi.

*

Kusi ikarudi, maana yenyewe haikuwapo kwenye sherehe na haikusikia amri.

"Kitaalamu," akasema Injinia Pendaeli, safari hii bila kuulizwa, "mchanga wa upande wa Kaskazini sasa utahama kama kawaida. Na kutoka kwako hautakuja mwingine wa kujaza pengo, kwa sababu huna, na kwa sababu ya ukuta. Maji yataufikia unyayo, Mheshimiwa. Lakini kama mgambo wakiitwa mapema na magunia ya mchanga, unaweza kuokoka. Kitaalamu na kiutawala pia."

Ilikuwa mara ya kwanza majibu yake mawili kulingana.

Lugome akakaa juu ya ukuta, amevaa sare yake mpya, kamba ya kengele mkononi. Siku kwa siku ufuo ule mkubwa ulipungua. Ngazi za Haidari, zilizokuwa zimefukiwa, zikaanza kuonekana. Ile kamba nyekundu ikawa karibu na maji, ikawa karibu zaidi. Magunia yalikuwa yamepangwa tayari, na mgambo walikuwa wakicheza bao mivinjeni, wakingoja kengele.

Alasiri moja maji yalikuwa yakijaa. Zamda alikuja mbio juu ya ukuta, kanga inapepea.

"Baba Tunu! Huoni? Piga kengele! Watakufunga, mume wangu! Piga!"

Lugome aliona. Aliliona wimbi likija mshazari, vile vile lilivyochorwa kwa kijiti, likipanda taratibu kuelekea kwenye kamba nyekundu. Alimwona Haidari waziri, na Haidari asiye waziri. Aliona na seli yake mwenyewe, dirisha lake dogo, na hata hivyo moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku ile ya kwanza penye nguzo. Akaiachia kamba ya kengele. Akaweka mikono mapajani.

"Haya," akaliambia wimbi kwa sauti ya upole. "Iba."